Chambo cha Kivu: Kutoka Chusa cha Mfupa hadi Taa ya Sambaza

Anayetaka kuandika historia ya uvuvi duniani hana budi kuanzia Kivu Kaskazini. Kando ya mto Semliki, mahali paitwapo Katanda, watafiti Alison Brooks na John Yellen walifukua vyusa vya mfupa vyenye meno, na mwaka 1995 wakatangaza kwamba umri wake unakaribia miaka 90,000. Wenzao wengi hawakuamini, maana huko Ulaya vyusa vya namna hiyo havikuonekana mpaka makumi ya maelfu ya miaka baadaye. Lakini vyusa vilikuwepo, na pamoja navyo mifupa ya kambare wakubwa wanaokadiriwa kufikia kilo 68. Walikuwa kambare wazima, wa umri wa kutaga. Maana yake wavuvi wa Katanda walikuja mtoni msimu ambao kambare huingia kwenye maji ya kina kifupi kutaga mayai, wakawakuta mahali ambapo chusa kinawafikia. Walimsoma samaki kwanza, ndipo wakachonga.

Katika historia yote ya maziwa yetu, samaki ndiye aliyeamua fundi achonge nini. Tukimfuata samaki tutaelewa kwa nini kwingine duniani watu walichonga samaki wa mti na wakatajirika, na kwa nini mafundi wa Goma, kando ya Ziwa Kivu, waliutia mti wao katika kazi nyingine kabisa, ambayo kwa maoni yangu haina upungufu wa akili hata kidogo mbele ya ile ya kwanza.

Kutoka Katanda ukipanda na Semliki unafika Ishango, pale mto unapotoka katika Ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba hapo na kupata kile kifupa chenye mikato ambacho leo wanahisabati wa dunia nzima wanakijua. Kina urefu wa sentimita 10 hivi na umri wa miaka 20,000, na kimehifadhiwa Brussels. Kimeandikiwa mengi mno, kiasi kwamba watu husahau kilichozunguka pale: vyusa, vingi vya kutosha kuonyesha jinsi ufundi ulivyobadilika. Katika tabaka za chini za udongo, vyusa vina meno pande zote mbili. Katika tabaka za juu, meno yamebaki upande mmoja tu. Aliyewahi kushika kisu na kuchonga kitu chembamba atakubaliana nami, nadhani, kwamba hapo tunaona kazi ya mafundi waliofundishana kizazi hadi kizazi. Ukiacha upande mmoja mzima, chusa kinapata mgongo. Hakivunjiki upesi samaki anapojipinda.

Ziwa hilo la kale lilikuwa na sangara pia. Mifupa yake imepatikana katika udongo wa Ishango, lakini leo Ziwa Edward halina sangara hata mmoja. Alitoweka, na maporomoko ya Semliki yakamzuia asirudi kutoka Ziwa Albert. Msomaji aliweke akilini jina la sangara, kwa sababu yeye na jamaa zake ndio samaki wanaodanganyika kwa kipande cha mti.

Kusini ya hapo, moto wa ardhini ulifanya kazi kubwa kuliko ya mvuvi yeyote. Maji ya bonde la Kivu zamani yalishuka kaskazini kuelekea Ziwa Edward na Nile. Volkano za Virunga zikainuka, zikamwaga lava njiani, bonde likazibwa. Maji yakajaa nyuma ya ukuta huo mpaka, miaka kama 10,000 iliyopita, yakapata mlango upande wa kusini na kuanza kushuka kwa mto Ruzizi kwenda Tanganyika. Ndivyo lilivyopatikana Ziwa Kivu la leo: mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kina cha mita 485, na chini yake gesi ya methani na kaboni dayoksaidi iliyofungiwa kwenye maji mazito yasiyo na hewa. Samaki wana mita 60 au 70 za juu tu za kuishi. Na kwa kuwa Ruzizi inashuka karibu mita 700 kwa maporomoko kabla ya kufika Tanganyika, samaki wa ziwa lile kubwa hawakuweza kupanda.

Matokeo yake ni ziwa pana lenye aina za samaki zisizofika 30, wakati jirani yake Tanganyika lina mamia. Wengi wao walikaa kandokando, penye mawe na majani: ngege, kambare, na samaki wadogo wa rangi rangi wasiopatikana kwingineko duniani. Katikati, kwenye maji ya wazi, palikuwa patupu. Hakuna sangara, wala jamaa yake mgebuka, wala yule samaki wa mto Kongo mwenye meno ya kutisha anayeitwa mbenga.

Sasa tutoke kidogo nje ya bonde letu.

Huko Japani, katika visiwa vya Amami na nchi ya Kagoshima, wavuvi walichonga kamba wa mti wa kumnasa ngisi. Inasimuliwa kwamba chanzo chake ni kijinga cha moto kilichoanguka baharini usiku, ngisi akakikumbatia. Huko Marekani, James Heddon wa mji wa Dowagiac, jimbo la Michigan, anasimuliwa kuwa alikaa kando ya bwawa akichonga kijiti, akakitupa majini, na samaki akarukia kukimeza. Mwanzoni mwa karne ya 20 familia yake ilikuwa na kiwanda cha chambo za mti. Na huko Finland, mwaka 1936, Lauri Rapala, mvuvi maskini, alichonga samaki wa gome la koki kwa kisu cha fundi viatu. Alimvika karatasi za kung'aa za chokoleti, akampaka negativu za picha zilizoyeyushwa ili maji yasiingie. Rapala alikuwa ameona, akiwa katika mtumbwi wake, kwamba samaki mkubwa akipita katikati ya kundi la wadogo humfuata yule anayeyumba, aliyejeruhiwa. Akachonga chambo chake kiyumbe. Mwaka 1962 gazeti la Life la Marekani lilimwandika, katika toleo lile lililouzwa sana kwa sababu ya kifo cha Marilyn Monroe, na maombi ya chambo hicho yakamiminika kutoka kila upande.

Ukiwatazama wote hao watatu, utaona jambo moja linalowaunganisha. Windo lao huwinda kwa macho. Linaona kitu kinapita, linakimbilia, linauma kabla ya kunusa. Ziwa Tanganyika lina samaki wa namna hiyo, na wavuvi wake hawakungoja Finland iwafundishe: hufunga manyoya kwenye ndoano nyingi za mshipi mmoja, wakauchezesha juu na chini, na mgebuka akafuata akidhani ni dagaa.

Lakini Kivu samaki wa mti angemdanganya nani? Kambare huongozwa na ndevu zake na harufu, na mti hauna harufu ya chakula. Ngege hula vitu vidogo vidogo vya majini na majani. Kwa hiyo mvuvi wa kandokando ya Kivu alikuwa na migono iliyosukwa, mshipi wenye ndoano na chambo kinachonuka, na mtumbwi wa gogo moja. Von Götzen, Mjerumani aliyekuwa Mzungu wa kwanza kulifikia ziwa hili, mwezi wa Juni 1894, alifikia ufuko ambao watu wake waliishi zaidi kwa mashamba na ng'ombe kuliko kwa samaki. Halikuwa kosa la wavuvi. Ziwa lilikuwa na kidogo cha kuwapa. Mbelgiji Hubert Damas, aliyelipima miaka ya 1935 na 1936, aliliona pengo lilelile: maji ya katikati yamejaa viumbe vidogo vya kuliwa, na hakuna wa kuwala.

Pengo hilo lilizibwa kwa mapipa ya maji. Kati ya mwaka 1958 na 1960, A. Collart na wenzake walichukua vifaranga 57,400 vya dagaa wa Tanganyika wakavileta Kivu. Walikusudia hasa aina moja, Stolothrissa, ile ndagala ya Bujumbura. Hiyo ilikufa yote. Iliyoshika ni ya pili, Limnothrissa miodon, ambayo ilikuwa imechanganyika nayo. Basi samaki anayelisha Goma, Bukavu na Gisenyi leo ni yule ambaye hakuwa mgeni rasmi. Watu wakamwita sambaza, na akasambaa kweli. Mwaka 1967 na 1968 samaki huyo huyo alipelekwa ziwa Kariba, kusini, na huko pia akaanzisha uvuvi mkubwa.

Sambaza hana hamu na ndoano. Ni mdogo kama kidole, anakula viumbe visivyoonekana kwa urahisi, mchana anakaa chini na usiku anapanda. Kitu kimoja humkusanya, nacho ni mwanga gizani. Watu wa Tanganyika walilijua hilo zamani: waliwasha mienge ya matete kwenye mitumbwi na kuteka dagaa kwa nyavu za kipini. Baadaye zikaja karabai, na mwishoni mwa miaka ya 1950 nyavu za kuinua zilizotandazwa kati ya mitumbwi miwili. Ufundi huo ulifika Kivu ukiwa umekomaa. Mwaka 1979 mradi wa Umoja wa Mataifa na FAO ulianza kazi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka tu kutoka Goma, kufundisha uvuvi wa sambaza kwa taa na nyavu. Katika miaka michache ziwa ambalo usiku lilikuwa giza tupu likawa na safu za taa.

Hapo ndipo mti wa Kivu ulipoingia kazini.

Chombo cha sambaza ni mitumbwi mitatu, mirefu na myembamba, iliyosimama sambamba na kuunganishwa kwa miti ya kukingama. Mbele na nyuma hutokeza miti mirefu ya mikaratusi, imeinama kidogo kuelekea angani, na kutoka ncha zake hushuka kamba zinazobeba wavu. Ukikiona kwa mbali jioni, kinafanana na panzi mkubwa aliyenyoosha papasi zake juu ya maji. Kila mti una sababu. Mkaratusi huchaguliwa kwa sababu hukua mrefu na mnyoofu, na ukikatwa ungali mbichi kiasi hupinda bila kuvunjika. Wavu uliojaa unapoinuliwa, mti mkavu wa aina nyingine ungepasuka. Miti hufungwa kwa kamba, haipigwi misumari, maana kamba huacha chombo kitikisike na mawimbi. Msumari hushindana na wimbi, na anayeshindwa ni ubao.

Usiku unapoingia, wavuvi hupiga makasia wakiimba, mmoja akianza na wengine wakimwitikia, ili makasia ya mitumbwi mitatu yashuke pamoja. Wakifika kilindini wanateremsha wavu, wanawasha taa, wanangoja. Viumbe vidogo huja kwenye mwanga kwanza, sambaza nyuma yao. Wavu unainuliwa kwa mikono, pembe zote kwa wakati mmoja; pembe moja ikichelewa, samaki wanamwagika. Halafu wanaanza tena, mpaka alfajiri. Mbalamwezi ikiwa kamili kazi hulala, kwa sababu mwezi huwasha taa yake ziwani kote na samaki hawaoni haja ya kukusanyika mahali pamoja. Karabai za mafuta ya taa zimeachia nafasi taa za betri, na hilo limekuwa nafuu kubwa kwa mapafu ya wavuvi na mifuko yao.

Alfajiri ukiwa Kituku, kwenye bandari ya wananchi magharibi ya mji wa Goma, unawakuta kina mama wakingoja na mabeseni. Sambaza haingoji, jua likipanda bei inashuka. Inayobaki mbichi hukaangwa au kuanikwa.

Wanaoandika juu ya Goma huandika volkano na vita, na si makosa. Nyiragongo ililipuka Januari 1977, Januari 2002 na Mei 2021, na mara ya pili lava ilikata mji katikati mpaka ziwani. Julai 1994 wakimbizi wanaokaribia milioni moja waliingia kutoka Rwanda katika siku chache, na msitu wa Virunga ukakatwa kwa ajili ya kuni za kuwapikia. Waasi wa M23 waliuteka mji Novemba 2012, na tena mwishoni mwa Januari 2025. Lakini uvuvi wa taa ni kazi ya usiku, na vita vinapokuja usiku ndio wa kwanza kunyang'anywa raia. Kila habari ya vita tuliyosoma ilikuwa na sura nyingine ambayo haikuandikwa: vyombo vilivyofungwa ufukweni, fundi wa mitumbwi asiye na mteja, mama asiye na kitu cha kutia kwenye beseni.

Fundi huyo wa mitumbwi ni jamaa wa yule anayechonga chukudu, ile baiskeli ya mti ya kubebea mizigo. Ni tezo ileile, msumeno uleule, na jicho lilelile la kupima kwa kuangalia. Chukudu imepata heshima yake, ina sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya Goma, na wapiga picha wa dunia wanaifuata. Inastahili. Ila wapo mafundi wa mitumbwi na makasia ambao kazi yao imewalisha watu wengi zaidi na hawana sanamu. Mti wenyewe sasa ni wa kugombaniwa. Mkaratusi mnyoofu unaofaa kuwa mti wa wavu ndio unaotafutwa na mjenzi wa nyumba na mchoma mkaa, na Goma ni mji unaopika kwa mkaa. Mradi wa EcoMakala wa WWF, ulioanza mwaka 2007, umehimiza wakulima kupanda miti ya kuchomwa ili msitu wa hifadhi upone. Sijaona bado mtu akihimiza kupanda miti kwa ajili ya mitumbwi.

Upande wa Ziwa Edward kisa ni kizito zaidi. Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma ndivyo vijiji vitatu vya wavuvi vilivyoruhusiwa ndani ya Hifadhi ya Virunga, na ngege wao waliwahi kusifiwa mpaka mbali. Miaka ya 1970 viboko wa hifadhi walikuwa karibu 30,000, na samadi yao ndiyo iliyorutubisha maji. Kufikia mwaka 2005 walihesabiwa chini ya 1,000. Wenye bunduki walikula viboko, ziwa likakosa mbolea, mvuvi akakosa ngege. Nyavu zenye matundu madogo na mitumbwi isiyo na kibali zikamalizia.

Nimeulizwa kama fundi wa Goma angeweza kuchonga chambo za mti na kuuza. Anaweza, bila shaka yoyote. Kazi yenyewe haina siri: mti mwepesi mkavu, kiwiliwili kilichochongwa pande mbili zilingane, waya unaopita ndani kutoka mdomoni hadi mkiani ili samaki asiung'oe, risasi kidogo tumboni asigeuke chali, ulimi wa bati chini ya kidevu unaomfanya azame na kuyumba anapovutwa, kisha rangi na vanishi tabaka juu ya tabaka. Ulimi ukipinda kidogo tu upande mmoja, chambo kinazunguka ovyo na hakuna samaki atakayekitazama, kwa hiyo kila kimoja hujaribiwa majini kabla ya kuuzwa. Mikono inayoweza kusawazisha gurudumu la chukudu inaweza hayo. Lakini wateja wake hawako Kivu. Wako kwenye maporomoko ya Murchison nchini Uganda, wanakokwenda watalii kumvua sangara, wako Tanganyika, wako Watamu na mkondo wa Pemba, wanakovua jodari na nduaro. Atakayeanza ajue kwamba anachongea maji ya wengine, na aende akawaone samaki wa maji hayo kwanza.

Kivu nako samaki hawajamaliza kubadilika. Mwaka 2006 alionekana ziwani mgeni mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys, samaki mdogo mwenye madoa ya buluu yanayong'aa, ambaye hakuna mradi uliotangaza kumleta. Anakula kile anachokula sambaza. Wavuvi wataona kabla ya maabara ni nani kati yao anayemsukuma mwenzake, na vyombo vitabadilika kufuata jibu hilo.

Ndiyo sababu nina ombi. Vyusa vya Ishango tunavijua kwa sababu udongo ulivihifadhi na wageni wakavifukua. Mtumbwi wa mbao hauna bahati hiyo. Ukichakaa unakuwa kuni katika wiki moja. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Goma, na watafiti wa kituo cha hidrobiolojia cha Uvira, nawaomba mwende ufukweni na kamba ya kupimia na daftari. Pimeni mitumbwi mitatu na miti yake. Andikeni mti gani ulitumika wapi, fundo gani lilifungwa, wimbo gani unaitikiwa na nani anauanza. Wekeni jina la fundi, naye akiridhia. Na wewe msomaji, kama baba yako au babu yako alichonga makasia Idjwi, Minova au Goma, mkalishe chini mwaka huu huu, umuulize.